Batman na usiku wa kichochoroni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa sana kila nikianza kuongelea Batman, yule shujaa wa komiki (hadithi za picha) za Kimarekani, nimeyaweka sehemu moja ili anayetaka kujua asihangaike. Nimeshika jambo moja tu, ile stori ya alivyoanza, maana hapo ndo penyewe. Magari, pango na vifaa vyake vina watu wake wa kuvielezea na wanavijua kunizidi.

Kwani Batman alianzaje, kwa kifupi?

Mtoto anaitwa Bruce Wayne, wa pekee kwao, familia ya kitajiri ya mji wa kubuni unaoitwa Gotham. Usiku mmoja anatoka sinema na baba na mama, wanapita kichochoroni, jambazi anawatokea na bastola anataka mkufu wa mama, baba anamkinga mke wake anapigwa risasi, mama naye anapigwa risasi, mtoto anabaki amesimama. Akiwa bado mdogo anaapa kwamba maisha yake yote atapigana na wahalifu, anakua, anasoma, anajifua mwili, anavaa vazi la popo. Hakupewa nguvu za ajabu na mtu wala kitu chochote, alichonacho ni hela za urithi, akili, mazoezi na huo usiku.

Hii stori ilitoka lini kwa mara ya kwanza?

Hapa wengi wanachanganya. Batman mwenyewe alitokea kwenye jarida la komiki linaloitwa Detective Comics, namba 27, jalada lake limeandikwa Mei 1939, stori ya kurasa 6 tu, na kitabu kiliuzwa senti 10 za Marekani (nakala moja ya toleo hilo mwaka 2010 iliuzwa kwenye mnada kwa zaidi ya dola milioni moja). Lakini kwenye hizo kurasa 6 hakuna neno hata moja kuhusu wazazi. Unaambiwa tu mwishoni kwamba yule popo ni Bruce Wayne, kijana tajiri anayeonekana hana shughuli, basi. Sababu ikaja miezi 6 baadae, namba 33 ya Novemba 1939, nayo ikapewa kurasa 2 za mwanzo kabla stori ya mwezi huo haijaanza. Kurasa mbili tu jamani! Kila kitu ulichowahi kuona kuhusu kile kichochoro, muvi, katuni za TV, magemu, vitabu vya miaka zaidi ya 80, vimetoka kwenye hizo kurasa mbili.

Na kwenye hizo kurasa kuna nini hasa?

Nakushauri uzitafute uzisome mwenyewe maana hazichukui dakika tatu, ila ngoja nielezee kwa sababu vitu vinavyokosekana ndo vinanigusa mimi kuliko vilivyopo.

Vilivyopo ni hivi. Familia inatembea inarudi nyumbani kutoka sinema, mtu anatokea, anataka mkufu, baba anasema mwache, risasi. Mama anapiga kelele kuita polisi, risasi ya pili. Kisha uso wa mtoto unachorwa kwa karibu, macho yametoka, machozi, anawaita baba na mama. Kinachofuata siku zimepita, yuko chumbani, amepiga magoti pembeni ya kitanda, mikono ameikutanisha, mshumaa unawaka, anaapa kwa roho za wazazi wake kwamba atalipiza kifo chao kwa kupigana na wahalifu wote maisha yake yote. Kisha miaka inaruka, mara anashika chupa ya maabara, mara ananyanyua vyuma, mara ni mtu mzima amekaa sebuleni usiku anawaza avae nini cha kuwatisha wahalifu, popo anaingia dirishani, anasema hiyo ndo ishara. Kisanduku cha mwisho cha picha yuko juu ya paa kwenye mwanga wa mwezi na joho lake.

Sasa angalia kisichokuwepo. Hakuna mazishi. Hakuna ndugu. Hakuna jirani hata mmoja aliyegonga mlango. Alfred, yule mtumishi wa nyumbani kwa Bruce, hayupo, Alfred alikuja kutungwa mwaka 1943 na mwanzoni anafika nyumbani kwa Bruce akiwa tayari mtu mzima, habari za kwamba ndo kamlea toka utotoni ziliingia baadae sana. Muuaji hana jina. Hakuna polisi anayemshika dogo mkono.

Mimi nilifiwa na baba nikiwa darasa la sita na nakumbuka nyumba ilivyojaa, turubai nje, viti vya kukodi, wanawake wamejaa chumbani kwa mama, masufuria makubwa jikoni, watu nisiowajua wananishika kichwa, shangazi amelala kwenye mkeka pembeni yangu wiki nzima. Wakati ule nilitamani waondoke wote niwe peke yangu. Nilipokuja kuona kile kisanduku cha mtoto na mshumaa nikiwa mkubwa nilishtuka, maana yule amepata kile nilichokuwa nakitamani, yupo peke yake, na ona kilichotokea. Kwetu msiba ni watu. Yule mtoto alipewa msiba bila watu, na hapo peke yake ndipo alipoapa.

Nani aliwaua?

Kwa miaka 9 ya mwanzo hakuwa na jina. Mwaka 1948, kwenye komiki yenyewe inayoitwa Batman, namba 47, ndo tukaambiwa anaitwa Joe Chill. Stori hiyo ni nzuri sana hata leo. Batman anamfuata Joe Chill, ambaye sasa ana kampuni yake ya malori, anavua kinyago mbele yake anamwambia mimi ni yule mtoto uliyemwacha hai. Chill anakimbia kuomba msaada kwa majambazi wenzake, anawaambia Batman ananitafuta kwa sababu mimi ndo niliwaua wazazi wake, na wale jamaa wakisikia kwamba huyu ndo kasababisha Batman awepo, mtu aliyewatesa miaka yote, wanampiga risasi hapohapo kabla hawajamuuliza huyo Batman ni nani. Yaani alikuwa na siri ambayo kila mhalifu wa Gotham angeilipia, akafa nayo kwa sekunde chache.

Baada ya hapo wamebadilisha mara nyingi. Mwaka 1956 ikasemwa Chill alitumwa na bosi mmoja anaitwa Lew Moxon, kwa hiyo haikuwa ujambazi wa bahati mbaya. Muvi ya 1989 ikamfanya muuaji awe ndo huyohuyo Joker, adui mkubwa wa Batman, kabla hajawa Joker. Mwaka 1994 komiki zikafuta kabisa, ikawa muuaji hakuwahi kujulikana, mwaka 2006 Chill akarudishwa. Muvi ya Joker ya 2019 ikampa bastola mtu wa kwenye vurugu za mtaani aliyevaa kinyago cha mchekeshaji wa sarakasi.

Mi msimamo wangu hapa ni mmoja, kadri muuaji anavyokuwa mtu mdogo ndivyo stori inavyouma zaidi. Ukimfanya Joker au ukileta njama ya mabosi unampa Bruce maelezo, na mtu akipata maelezo anapata pa kushikia. Kibaka aliyetaka mkufu hampi chochote. Watu wawili wamekufa kwa sababu walipita njia ile saa ile.

Zile lulu zinazokatika na kumwagika chini zilitoka wapi? Zilikuwepo toka mwanzo?

Hapana. Mwaka 1939 ni mkufu tu. Lulu zinazokatika moja moja hewani ni za mwaka 1986, komiki ya The Dark Knight Returns, Frank Miller akiandika na kuchora, Klaus Janson akipiga wino, Lynn Varley akiweka rangi. Hata ile kwamba walikuwa wametoka kuangalia muvi ya Zorro ilikolezwa hapohapo. Kurasa zile karibu hazina maneno, bastola imeingia kwenye mkufu, uzi unakatika, na kila aliyekuja baadae kakopi, kwenye muvi na kwenye katuni, mpaka watu wanadhani ilikuwa hivyo siku zote.

Kwa nini popo na siyo mnyama mwingine?

Kwenye stori ni kwa sababu aliingia dirishani wakati Bruce anawaza kwamba wahalifu ni waoga na wanaamini ushirikina. Sisi huku hatuhitaji kuelezwa sana, mtu wa Pemba au Unguja aliyekuwepo mwaka 1995 anajua hofu ya Popobawa ilivyofanya watu wazima walale nje kwa makundi wanaogopa kulala ndani. Sijasema vitu hivyo viwili vina uhusiano, nasema tu kwamba mtunzi aliyeamua kuwatisha watu kwa kiumbe cha usiku chenye mabawa hakukosea.

Ni kweli zamani Batman alikuwa anaua?

Kweli. Kwenye stori ya kwanza kabisa mtu anaangukia kwenye tangi la asidi baada ya kupigwa ngumi na Batman anasema kastahili. Kwenye Batman namba 1 ya mwaka 1940 anafyatulia lori risasi za bunduki ya rashasha akiwa kwenye ndege yake. Mhariri Whitney Ellsworth ndo akasema basi, hakuna bunduki hakuna kuua. Huyohuyo ndo aliyemuokoa Joker, ambaye alipangwa afe mwishoni mwa toleo hilohilo la kwanza.

Lile katazo watu wanaliona kama la kibiashara na labda lilikuwa hivyo, ila limeifanya stori ikamilike. Mtoto aliyeona bastola inafanya nini hawezi kukua akawa mtu wa kushika bastola. Ukiweka hivyo kila kitu kinakaa. Alichokikataa siyo kuua kwa sababu ya sheria, amekikataa kile chuma chenyewe.

Nani alitunga, Bob Kane au Bill Finger?

Swali hili nalijibu kwa urefu kila mara na sitaacha.

Bob Kane alikuwa mchoraji kijana wa miaka 23. Superman alikuwa ametoka mwaka 1938 na kuuza sana, wachapishaji wakataka mwingine wa namna hiyo, Kane akasema nitaleta. Akachora mtu mwenye nguo nyekundu, kinyago kidogo cha machoni na mabawa magumu yaliyosimama mgongoni. Akamuonyesha rafiki yake Bill Finger, ambaye alikuwa anauza viatu na kuandika pembeni. Finger ndo akasema mvalishe kofia inayofunika uso yenye masikio, weka joho badala ya mabawa, weka glavu, toa nyekundu weka kijivu na nyeusi. Finger ndo akaleta jina Bruce Wayne. Finger ndo akaandika stori ya kwanza, ndo akaleta jina la Gotham, na akashiriki kuwatunga wengi tunaowajua mpaka leo.

Lakini Kane ndo aliyeenda ofisini na Kane ndo aliyesaini mkataba, na mkataba ukasema jina moja tu. Miaka na miaka kila komiki, kila kipindi, kila muvi, imeandikwa imetungwa na Bob Kane. Finger aliendelea kuandika kwa malipo ya kazi, stori moja hela moja. Akafa Januari 1974 nyumbani kwake New York, miaka 59, hakuna gazeti kubwa lililoandika. Mwili ulichomwa na mtoto wake akaenda kumwaga majivu ufukweni kwa umbo la popo, maji yakaja yakayachukua. Hana kaburi!

Kane mwenyewe alikuja kukiri kwenye kitabu chake cha mwaka 1989 kwamba Finger hakupewa haki yake, ila alikuwa ameshachelewa miaka 15. Mjukuu wa Finger na mwandishi Marc Tyler Nobleman wakapambana sana, na mwaka 2015 DC, wachapishaji wa Batman, wakakubali, sasa inaandikwa Batman kaundwa na Bob Kane pamoja na Bill Finger. Desemba 2017 kona ya mtaa mmoja wa Bronx, karibu na bustani ambayo wale wawili walikuwa wanakaa wanapanga stori, ikapewa jina la Bill Finger.

Nikifikiria kwamba stori maarufu kuliko zote za mtoto aliyenyang'anywa iliandikwa na mtu ambaye naye alinyang'anywa, roho inaniuma. Kwa hiyo ukimuongelea Batman, taja majina yote mawili.

Kama ilikuwa na giza toka mwanzo, mbona kuna yule Batman wa kuchekesha?

Kwa sababu mwaka 1954 Marekani iliingia hofu kwamba komiki zinaharibu watoto, daktari Fredric Wertham akaandika kitabu kuzishambulia, wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za nini kisichorwe. Damu, hofu, vyote vikaondoka. Kisha mwaka 1966 ikaja ile tamthilia ya TV ya Adam West, rangi kali na vichekesho, ikapendwa dunia nzima. Mi siidharau hata kidogo, imewaingiza wengi.

Nani alirudisha giza sasa?

Wengi watakujibu Frank Miller, 1986. Mi nitakwambia anza nyuma zaidi. Toka mwishoni mwa miaka ya 60 Denny O'Neil akiandika na Neal Adams akichora walishamrudisha usiku. Na Machi 1976, Detective Comics namba 457, O'Neil akishirikiana na mchoraji Dick Giordano akaandika stori ambayo kwangu ni ya pili kwa umuhimu baada ya zile kurasa mbili. Kila mwaka siku ileile Batman anaenda kwenye kile kichochoro, mtaa uliokuwa wa watu wenye hela na sasa umechoka unaitwa Kichochoro cha Uhalifu. Anaenda kumtafuta bibi mmoja mzee anaitwa Leslie Thompkins, kumuona tu. Huyu bibi ndo alikuwa pale usiku ule, hakuwa ndugu, hakuwa chochote, aliona mtoto amesimama pembeni ya maiti mbili akaenda akamkumbatia. Na bibi hajui kwamba huyu mwenye kinyago ndo yule mtoto.

Umeona? Imechukua miaka 37 mtu akaona kwamba pale kichochoroni kulikosekana mtu wa kumshika dogo, akamleta. Muvi ya 2005, Batman Begins, ikafanya kitu kilekile kwa kumtumia polisi Gordon anayemfunika mtoto koti mabegani, na muvi ya mwisho ya mfululizo ule, 2012, Batman anamkumbusha Gordon lile koti, na Gordon ndo anamjua ni nani. Kwa mimi hilo koti lina uzito kuliko mapigano yote ya muvi tatu.

Superman ni yatima, Spider-Man ni yatima. Batman ana nini cha ziada?

Superman alikuwa mchanga, hakuona kitu, na akapata baba na mama wengine wakamlea vizuri. Spider-Man, 1962, alimwacha mwizi apite na mwizi huyo akaja kumuua mjomba wake, kwa hiyo pale kuna kosa na kuna funzo, ungefanya hivi isingekuwa vile.

Bruce hana kosa. Hakufanya chochote kibaya na hakuna ambacho angeweza kufanya, alikuwa mtoto. Hiyo ndo tofauti na ndo inayofanya ashikike, kwa sababu misiba mingi ya kweli haina funzo. Batman Begins walijaribu kumuongezea kosa, dogo anaogopa popo wa kwenye maonyesho ya opera, anaomba watoke mapema, wanatokea mlango wa nyuma. Naelewa kwa nini walifanya, mtoto yeyote aliyefiwa anajitafutia kosa. Mi nilikaa miaka naamini kwamba ningemuamsha baba mapema siku ile asingekufa. Kwa hiyo kama dogo anajilaumu mwenyewe nakubali kabisa, ila stori isimlaumu.

Mbona asitumie hela zake kusaidia masikini badala ya kupiga watu usiku?

Naulizwa kila wiki. Jibu la juujuu ni kwamba anasaidia, mfuko wa hisani wa Wayne upo kwenye komiki toka mwaka 1969, kuna kliniki ya Leslie Thompkins, kuna vituo vya yatima.

Jibu lenyewe liko kwenye kiapo. Soma tena, atapigana na wahalifu WOTE. Mtu mzima haapi hivyo, mtu mzima anasema nitajitahidi, nitapunguza, nitachangia. Neno wote ni neno la mtoto. Yule jamaa wa miaka 30 na kitu mwenye misuli na mapesa bado anatekeleza ahadi aliyoiweka mtoto akiwa kwenye kilio, na hawezi kuipunguza hata kidogo maana akiipunguza atakuwa amewaacha wazazi. Ndo maana haoi, halali, hafurahi. Tunasema yatima hadeki, na huyu hakudeka hata siku moja.

Kuna stori ambayo wazazi wanaokolewa?

Zipo na ni miongoni mwa bora kabisa. Nitaje tatu.

Detective Comics namba 500, 1981, ya Alan Brennert na Dick Giordano. Batman anapelekwa kwenye dunia nyingine ambako usiku ule haujatokea bado, anaambiwa unaweza kuuzuia. Robin, kijana msaidizi wake, ana wasiwasi, je tukiwaokoa si hapa hatakuwepo Batman? Batman anawaokoa hata hivyo. Na yule mtoto, ambaye alikuwa amedekezwa na mkorofi, anabadilika kwa sababu ya kile alichokiona, anaanza kusoma na kufanya mazoezi, na msukumo wake siyo huzuni bali ni mshangao na shukrani.

Ya pili ni ya Superman kabisa, 1985, Alan Moore na Dave Gibbons. Kuna mmea unaokushika na kukupa ndoto ya kitu unachokitaka kuliko vyote. Batman unampata sekunde chache tu, na anachokiona ni baba yake anamnyang'anya jambazi bastola. Mtu huyo mwenye kila kitu anataka hilo.

Ya tatu ni Flashpoint, 2011. Historia imegeuka, aliyekufa kichochoroni ni Bruce, baba ndo kawa Batman, na mama amerukwa na akili amekuwa Joker. Mwishoni Flash, shujaa mwingine mwenye mbio za ajabu, anarudi kwenye dunia ya kawaida na barua ambayo yule baba kamwandikia mwanae, anampa Bruce, Bruce anasoma analia mbele ya mtu. Mi kila nikifika hapo naweka kitabu chini kwanza.

Kuna Batman wa Afrika?

Yupo, na ni wa Congo. Anaitwa Batwing, jina lake David Zavimbe, alitokea mwaka 2011 kwenye Batman Incorporated kisha akapata komiki yake mwenyewe iliyoandikwa na Judd Winick na kuchorwa na Ben Oliver. Ni polisi kwenye mji wa kubuni wa Tinasha, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wazazi wake walikufa kwa UKIMWI, yeye na kaka yake Isaac wakachukuliwa wakafanywa askari watoto. Mwaka 2013 wakamtoa nafasi akapewa Luke Fox, Mmarekani.

Nina mawazo mawili kuhusu hiyo. Mji wa kubuni, jenerali wa kubuni, kila kitu vita, Congo ina mengi zaidi ya hayo na watu wa Goma au Lubumbashi wana haki ya kukasirika. Lakini pia David ni tofauti na Bruce kwa jambo zito, Bruce alitendewa, David alilazimishwa kutenda. Mtoto aliyeshikishwa bunduki akakua akakataa kuua, pale palikuwa na stori ya miaka mingi na ikaachwa mapema, nasikitika.

Mtoto wangu anaweza kusoma?

Zile kurasa mbili za 1939, nadhani ndio, ukikaa naye. Ile katuni ya TV ya mwaka 1992 ni nzuri kwa watoto wakubwa kidogo, inamheshimu mtoto bila kumtisha ovyo. The Killing Joke ya 1988 hapana, hata kama ina picha za katuni, hapana. Na kama mtoto wako amefiwa karibuni usimpe ukamwacha nayo, kaa hapo.

Nianzie wapi kama sijawahi kusoma hata moja?

Year One, ya Miller na David Mazzucchelli, Batman namba 404 hadi 407, mwaka 1987, inapatikana kama kitabu kimoja. Bruce amekaa sebuleni anavuja damu, anaongea na sanamu ya baba yake, kengele ya kumuita Alfred iko mkononi, akiipiga atapona na asipoipiga atakufa, na anamuuliza marehemu afanyeje. Popo anavunja dirisha. Anapiga kengele. Kisha urudi kwa Leslie Thompkins, halafu ile ya 1981.

Ukitaka muvi, ya 2022 hawaonyeshi mauaji kabisa, ila kuna mtoto wa meya aliyemkuta baba yake amekufa, na Batman anamwangalia yule mtoto bila kusema neno. Ukiwa unajua stori utaelewa yote.

Nimesikia Batman atakuwa mali ya umma, ni kweli?

Ni kweli kwa sheria ya Marekani, kazi za mwaka 1939 zinafikisha miaka 95 na Januari 1, 2035 zinakuwa huru. Zingatia kwamba ni zile za 1939 tu. Alama za biashara za DC zinabaki, Robin ni wa 1940, Alfred wa 1943, Joe Chill wa 1948, Leslie wa 1976, wote bado wana mwenyewe. Kitakachokuwa huru ni zile kurasa mbili kama zilivyo, mtoto na mshumaa, na yeyote atakayetaka kuzichora upya itabidi alete watu wake.

Mimi sijui kuchora vizuri ila nimeshaanza kujifunza. Nataka kisanduku kile cha kitanda na mshumaa, dogo amepiga magoti vilevile, sitagusa kitu, ila chini nitaweka mkeka na shangazi amelala hapo na khanga yake, macho yako wazi, anamsikiliza.